Vibuyu vya Maziwa na Unga wa Zeoliti

Mujukuu wangu wa kike anasoma shimi, ile kemia, kwa chuo hapa Bunia. Jamaa yetu haijazaa kichwa kama chake, na hilo nitakurudilia hata usiponiuliza. Miye niliachia shule kwa mwaka wa pili, lakini kazi yake naijua. Kuko unga mweupe, zeoliti, wenye vitundu jicho haliwezi kuona, na ndani ya vitundu kuna asidi. Anaingiza muvuke wa dawa moja, piridini, ishikamane na ile asidi. Kisha anapitisha mwangaza wa infraruji, ule jicho haliuoni, mashini inachora mistari, na mistari inamwambia asidi ni kali namna gani.

Siku moja ile mashini, maana ni ya kuazima, ilikuwa ya kurudishwa kesho yake, na unga ulibaki kijiko kimoja. Bila muchoro, hakuna diploma.

Nilimupelekea chakula kule chuoni, nikamukuta uso kama majivu.

"Tate, kuna mustari haupaswi kuwa hapa. Piridini sijaingiza bado! Amoniaki imekalia asidi yangu. Unga umeharibika, nautupa."

"Amoniaki ndiyo nini?"

"Ile harufu kali ya mukojo."

Jana yake, kwetu Mudzipela, niliosha vibuyu vya maziwa na mukojo wa ngombe, vile mama alinifundisha, nikavipanga kabatini karibu na kikopo cha unga wake, alichokuwa amelaza nyumbani. Nilikifungua nione kinachomukosesha usingizi. Sikukifunga.

Ningeweza kunyamaza. Mukono wake ulikuwa tayari kwenye kikopo.

"Ni miye," nikasema. "Vibuyu."

"Mukojo wa ngombe, Tate?"

"Wa ile nyekundu."

Akanikazia macho. Nilingojea anifukuze.

"Kama ni hiyo tu, asidi haijakufa," akasema polepole. "Moto mukali utafukuza amoniaki. Asubuhi niliupasha unga kidogo tu, nikionea grupu huruma."

Grupu yenyewe, mashini ya kutupatia umeme, ilikuwa na esansi, ile petroli, ya mwisho. Akapandisha moto. Tukangojea, pampu ya mashini ikinyonya hewa, grupu ikikohoa, miye nikiomba Mungu chini-chini.

Alipopima tena, mustari wa amoniaki ulikuwa umelala. Akaingiza piridini. Mustari mupya ukasimama, karatasi ikaanza kutoka.

Grupu ikazimika.

Akavuta karatasi kwa vidole viwili. Chini ilikuwa tupu, lakini mustari ulikuwamo, wote.

"Tate," akasema, "leta chakula."