Goti la Fundi Faradji

Mwaka 1954, wakati wa mvua nyingi, Fundi Faradji aliteleza kwenye mteremko wa Nengo, mjini Gisenyi, akiwa na robota la kitambaa cha kaki begani, akaangukia goti la kulia. Muuguzi wa zahanati alilifunga bendeji, akamwambia, "Lipumzishe wiki tatu. Halafu ulikunje kila siku, hata likiuma." Faradji aliyashika vizuri maneno ya wiki tatu. Hayo mengine aliyaacha mlangoni pa zahanati.

Kupumzika kulimkolea. Cherehani aliikanyaga kwa mguu wa kushoto, ule wa kulia akaunyoosha juu ya kasha la nyuzi kama mgeni wa heshima. Msikitini walimwekea kiti, akasali ameketi. Hata mkekani alihama: mkewe Saidati alikula chini, yeye akala juu ya kigoda, kila mtu na sahani yake.

Saidati alikuwa mtu wa Ujiji. Pale Gisenyi hakuwa na kaka wala mjomba, na Mungu hakuwajalia mtoto. Kifo hakikumtisha, kilichomtisha ni kaburi. Alikuwa amelelewa kuamini kwamba mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wake mwenyewe, si na watu baki.

"Siku yangu ikifika, utashuka wewe," alimwambia mumewe.

"Sasa ashuke nani mwingine?"

"Kwa goti hilo?"

Faradji alicheka. Lakini Saidati hakuwa anatania. Kila jioni alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akamkanda, kisha akasema, "Haya, kunja mara kumi." Faradji alikunja mara mbili, akaguna, akaunyoosha mguu wake.

"We Saidati, goti hili ni la nani?"

"Ni langu pia," alijibu.

Nyirabahire, jirani yao muuza samaki, hakuwa na upole huo. Akipita na kikapu kichwani alisimama mbele ya cherehani.

"Fundi, mi nimekuzidi miaka, na kila asubuhi nachuchumaa kule ziwani kuchagua samaki. Magoti yangu iko kama ya mbuzi! Ya kwako iko kama mulango ya kutu."

"Pita na samaki zako, mama. Zinanukisha suruali za watu."

"Bon, haya, ukae. Siku moja tutakubeba kama gunia ya viazi!"

Wapita njia walicheka, na Faradji akacheka pamoja nao.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha Saidati akashikwa na homa. Siku ya nne, midomo ikiwa imekauka, alimuuliza, "Umelikunja leo?"

"Nimelikunja," Faradji alisema. Hakuwa amelikunja. Saidati alifumba macho, uso umetulia, na siku ya sita akafariki.

Sanda aliikata Faradji mwenyewe. Makaburini walitandaza shuka juu ya shimo ili kumsitiri marehemu. Shimo lilikuwa jembamba, maana ardhi ile ni mawe meusi na wachimbaji walikuwa wameipigania tangu alfajiri. Faradji aliketi ukingoni, akashusha mguu wa kushoto. Wa kulia ulikataa. Ulisimama mbele yake mkavu kama ubao, kisigino kimegonga ukuta wa pili, ukaziba njia yote.

"Fundi, toka," alinong'ona Mbonigaba, dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake. "Mguu yako inaziba. Mama anangoja."

"Niache kidogo. Utakunjika."

Haukukunjika. Walimshika makwapani wakamvuta juu, na Mbonigaba akashuka na wanaume wengine wawili wa mtaani. Faradji alisimama pembeni akisikia wakielekezana chini ya shuka: "Kichwa huku. Polepole. Mushike muzuri." Wanaume watatu wema, na hata mmoja hakuwa wa Saidati.

Arobaini ilipokwisha, alianza kuchemsha maji mwenyewe. Juma la kwanza alilia kwa maumivu. Aliendelea: mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, baadaye ishirini. Nyirabahire alimwona akihangaika ameshika ukuta, na safari hii akapita na kikapu chake bila kusimama. Mwezi wa tatu Faradji aliketi mkekani. Mwezi wa tano akachuchumaa, akainuka bila kushika kitu. Goti halikuwa limekufa. Miezi mitano tu lilihitaji, na Saidati alikuwa amemwomba miaka mitatu.

Siku ya Idi alikikataa kiti. Alisujudu pamoja na safu nzima, paji la uso chini, na sala ilipokwisha watu walimzunguka wakimpa mikono.

"Mashallah, Fundi! Umekuwa kijana!"

Mbonigaba aliona machozi, akainama karibu naye. "Goti inakuuma?"

"Haliumi," Faradji alisema. "Haliumi hata kidogo."