Mahali Panaponasa

Kila Jumapili alasiri wapenzi wa jazi hukusanyika chumbani kwa fundi cherehani, kila mmoja na santuri aliyoisikiliza wiki nzima. Mwenyeji wao huzipangusa zote kwa kipande cha flana, taratibu kama anayemfuta mtoto uso, kisha huketi na kufumba macho. Yake haibadiliki: ni ya mpiga tarumbeta fulani, aliyoachiwa na marehemu kaka yake, na ina mkwaruzo katikati. Ikifika hapo hunasa, naye huisukuma sindano kwa kidole bila hata kutazama. Kilichomo ndani ya mkwaruzo hajawahi kukisikia, na hakuna anachokitamani zaidi.

Jumapili iliyopita mpaka rangi mmoja, mgeni katika kundi, alikuja na santuri hiyo hiyo, nzima kabisa. Tarumbeta ilipopanda, kidole cha fundi kikanyanyuka chenyewe.

“Shusha mkono, shemeji,” kinyozi mmoja wa kundi akamtania. “Hii haina shimo.”

Tarumbeta ikapita. Kidole kikabaki hewani mpaka wimbo ukaisha.

“Mmemsikia?” fundi akauliza kwa sauti ndogo. “Kabla ya kushuka anavuta pumzi, halafu anacheka.”

Wakatazamana. Mpaka rangi akairudisha sindano nyuma, akatega sikio. Kweli, tarumbeta ilinyamaza kufumba na kufumbua, na humo ndani mtu akacheka kidogo, kwa raha zake. Santuri ile mpaka rangi alikuwa nayo tangu ujana, ameipiga mpaka majirani wakaikariri. Kicheko kile alikuwa hajawahi kukisikia.