Salamu kwenye beseni

Wiki hii, kwenye korido ya hospitali moja ya Ruashi, jamaa kumi na tisa walifika kutoka Lukafu kumsalimia binti yao. Mwili wake unajishambulia wenyewe, na dawa zimempunguzia kinga; hata mafua yanaweza kumuua.

“Muntu moya tu ataingia,” muuguzi akasema.

Wakamtuma mjomba. Kwanza akapeana mkono na kila mmoja, polepole, ili abebe salamu zao.

“Papa, nawa mikono na sabuni,” muuguzi akamwambia, akimwonyesha beseni mlangoni.

“Mama, nikinawa, salamu ya bantu hawa itabakia wapi?”

“Itabakia mu beseni. Mutoto wenu atabakia muzima.”

Alinawa, huku akituomba radhi mmoja mmoja. Hata mimi, niliyekuja kwa mgonjwa mwingine: katika upendo wake, mkono wangu pia alikuwa ameushika.