Bwana harusi wa Kibuta, farasi na shangazi aliyemteka: picha iliyonirudisha kazini

Wakuu, heshima zenu. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la vichekesho, ni mambo yaliyonikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Chumvi waliitia wahusika.

Kwanza kazi yangu. Mimi ni mpiga picha wa farasi, naishi Mkuza, Kibaha.

Najua mmeshaanza kucheka. Hata mama mkwe alicheka, akamaliza, halafu akaniuliza kazi yangu hasa ni ipi.

Farasi wapo. Kuna jamaa hapa anawafuga na kuwakodisha kwenye maharusi na birthday za watoto wa wenye nazo. Siku hizi mwanaume hajaoa mpaka aonekane juu ya farasi, hata kama mnyama pekee aliyewahi kumkaribia ni yule wa kwenye supu.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Kibwana, mtu wa Kisarawe. Alikuwa na studio ya passport size, simu zilipomuulia biashara akahamia kwa farasi. Alisema amechoka kuwaambia watu wainue kidevu.

Yule mzee alikuwa na mdomo, wakuu. Miezi ya mwanzo sikugusa camera, kazi yangu ilikuwa kuzoa kinyesi bandani. Nikilalamika ananijibu, "Akikuzoea ndiyo utampiga picha. Kwa sasa anakuona nzi tu."

Alinifundisha kuangalia masikio. Farasi akiyalaza nyuma amekereka, na hapo picha imekufa hata bwana harusi awe amevaa dhahabu mwili mzima. Yakisimama mbele, bonyeza. Ili yasimame, mzee alikuwa anasimama nyuma yangu anatikisa kopo la mahindi makavu.

Picha ikitoka vizuri ananinyang'anya camera, anaitazama na kucheka peke yake muda mrefu. Mzee mzima, mvi zote zile, anachekea farasi.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Tulimzika Kisarawe.

Baada ya hapo hamu iliniisha. Nilikuwa napiga picha, nikiziangalia zote naziona za kitambulisho. Shemeji yangu ana duka la spea za pikipiki Mlandizi, akaniambia niache utoto nikamsaidie kuuza plagi. Nikakubali.

Nikamwambia mke wangu kwamba harusi niliyokodiwa kijijini Kibuta, hukohuko Kisarawe, ndiyo ya mwisho. Isipopatikana picha hata moja ya kunifurahisha, camera naiuza.

Sasa bwana harusi. Tumwite Bosi. Ni Mnyamwezi, anafanya kazi za clearing bandarini Dar, na alikuwa anaoa binti wa Kizaramo. Alinitumia voice note ndefu kama hotuba ya bajeti. Anataka picha za kifalme. Apigwe kutokea chini ili aonekane mrefu. Na watu wa kijijini wasiingie kwenye fremu.

Hao watu wa kijijini ndio wakwe zake, wakuu.

Tulifika, farasi akashushwa kwenye Canter. Wapishi waliacha masufuria wakaja kuangalia. Bosi akapandishwa kwa msaada wa kiti cha plastiki, suti nyeupe na kilemba juu, wenzake wa ofisini wanamrekodi. Akakaza miguu utadhani amebanwa na haja. Farasi akalaza masikio.

Nikazunguka kushoto, nikazunguka kulia. Masikio yamelala, na Bosi ananung'unika kwamba namchelewesha.

Nikachukua kopo la mzee nikatikisa.

Hapo ndipo nilipokosea. Bandani kwetu Mkuza hakuna kuku. Kibuta akina mama wanaita kuku kwa mahindi ya kopo. Wakaja wa nyumba ile, wakaja wa jirani, wakaja na bata. Wote wakaingia kwenye miguu ya farasi. Farasi akarudi nyuma kidogo tu, Bosi akaikumbatia shingo, kilemba kikamshukia machoni, anaita, "Mtoeni, mtoeni." Hatukujua anamaanisha kuku, farasi au yeye mwenyewe.

Akatoka shangazi wa bibi harusi, Bi Mwajuma. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na huyu mama nadhani alikuwa anaisubiri nafasi hiyo tangu posa ilipoletwa.

"Njooni muone, wenzangu. Mnyamwezi anaogopa kuku."

Akashika kamba ya farasi.

"Shuka, mtani. Babu zako walitoka Tabora kwa miguu mpaka pwani, mizigo kichwani. Wewe umekuja na gari, bado unataka kubebwa? Huyu farasi tumemteka. Mke humpati mpaka unipeleke mlangoni, mimi juu, wewe ushike kamba."

Bosi akawaangalia wenzake wa ofisini. Simu zote zinarekodi. Akanuna. Mnajua utani, ukinuna ndiyo unaongezewa. Baba yake mdogo akamsogelea akamwambia taratibu, "Shuka, mwanangu. Usituaibishe ukweni."

Akashuka.

Bi Mwajuma akakanyaga kiti kilekile, akakaa juu ya farasi na kanga zake utadhani yuko kwenye mkeka wake. Vigelegele vikapigwa mlangoni. Farasi akageukia kule, masikio yakasimama wima. Bosi mbele na kamba, suti ina vumbi, bata anamfuata. Akageuka kumtazama shangazi, akashindwa kujizuia, akacheka meno yote nje. Ndiyo mara ya kwanza siku ile alifanana na mtu anayeoa.

Mpambe wake akaninong'oneza, "Hiyo usipige, utakosa kazi."

Kazi yenyewe nilishaiaga. Nikabonyeza.

Nikaiangalia kwenye kioo cha camera nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikageuka nyuma nimpe mzee aione.

Wakuu, nililia palepale katikati ya kuku. Watu wakadhani nimeguswa na harusi.

Kesho yake Bosi akanitumia ujumbe niifute. Sijajibu, akapiga mke wake kwa simu hiyohiyo. Akasema ile ya shangazi inatundikwa sebuleni, za kifalme mumewe akaziweke ofisini. Shemeji naye nimemwambia plagi auze mwenyewe.

Nilichojifunza: nilidhani ile furaha ilikuwa ya mzee na ameondoka nayo. Kumbe alikuwa ameshaniambukiza siku nyingi. Na ninyi mnaopanga kuoa juu ya farasi, ulizeni kwanza kama wakwe si watani zenu.

Haya, karibuni mchangie, matusi pia napokea. Ila mliofiwa na waliowafundisha kazi naomba mnijibu hili moja: siku hizi mkifanya kitu kizuri, mnamwonyesha nani?