Barua Taka

Lugha ya simu ya mama niliibadilisha mimi mwenyewe. Ilikuja na Kiingereza, naye Kiingereza hajui, nami nilichoka kupigiwa kazini Athi River nikiulizwa neno hili au lile maana yake nini. Nikaiweka Kiswahili, nikamfungulia barua pepe, nikaenda zangu nikijiona nimemaliza.

Barua tuliyoingoja ilikuwa moja tu. Baba alikuwa na uvimbe kooni, na hospitali ilishamwandikisha kwa upasuaji. Tarehe ingetumwa kwa barua pepe. Kwa simu hawapigi. Daktari alitwambia uvimbe bado mdogo, unatolewa wote, mradi tusikawie. Nikamwagiza mama kwa ile sauti yangu ya ukali, ambayo naijua na siiachi: "Mwaitu, zile za hospitali usichanganye na matangazo. Ziweke kando."

Mama ni mtiifu kuliko mimi. Kila asubuhi, akishamaliza kukama, alifungua simu akatazama. Jioni nilimpigia kuuliza tarehe. "Hakuna kitu," aliniambia. Hakuna kitu wiki ya kwanza, hakuna kitu wiki ya tatu. Nikaitukana hospitali mbele ya kila aliyekaa karibu nami ofisini.

Mwishowe niliomba ruhusa nikaenda huko mwenyewe. Karani akanigeuzia kompyuta nione. Barua ilitumwa. Tarehe ilikuwa imepita siku kumi na mbili, na nafasi alishapewa mwingine. Baba akapimwa upya wiki hiyohiyo, na safari hii daktari hakutaja upasuaji kabisa. Alituandikia dawa za maumivu, akasema tumpe chakula anachopenda.

Nilifika nyumbani Kithyoko hasira zimenijaa. Nikaichukua simu. Barua ya tarehe ilikuwa ndani ya folda ya barua taka, haijafunguliwa. Chini yake zilikuwa barua mbili za mwanzo za hospitali, moja ya kuthibitisha jina na nyingine ya vitu vya kubeba, na hizo zilikuwa zimesomwa. Mama ndiye aliyezihamishia huko. Simu nayo ikajifunza kwake: kitu chochote cha hospitali hii ni uchafu, kikija kitupwe huko bila hata kulia.

"Nani alitupa hizi?"

"Hazijatupwa," mama akasema. "Si uliniambia niziweke kando? Hapo imeandikwa barua taka. Na hizi si ndizo tunataka?"

Hakuwa na sababu ya kutazama humo tena, kwani alijua ni mbili tu, na alizipanga mwenyewe. Kwetu uchafu ni takataka, tunautaja mara mbili. Taka moja ni kutaka. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusingizia mtandao, na mama angekubali, maana mtandao wa kwetu kila mtu anaujua. Lakini mimi nikishapanda sishuki.

"Mwaitu, taka ni uchafu. Umetupa barua ya baba kwa uchafu."

Mama akafuta mikono kwa leso, ingawa ilikuwa mikavu, akaifuta tena. Niliona nimemfanyia kitu kisichorekebishika, na bado sikuweza kusema pole.

Baba alikuwa amelala kwenye kochi, tukidhani hasikii. Kiswahili cha nyumba yetu ni chake. Alikipata kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya, kati ya watu wa kila kabila, na tangu hapo karatasi ya Kiswahili ikiingia mlangoni mwetu anapelekewa yeye kwanza. Akainua mkono kuniita. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono, ikabidi niiname.

"Mwache mama yako," akasema. "Aliniuliza hiyo barua taka ni nini. Ni mimi nilimsomea."