Kopo Lililojaa Shamba la Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, niliogopa vitu viwili tu: hesabu za sehemu na kisulisuli. Leo nimepanda ndege nyingi, nimelala kwenye miji nisiyoweza kutamka majina yake, lakini nikiona vumbi likijizungusha barabarani bado navuka upande wa pili. Wanaonicheka ni wengi. Wacheke tu.

Shule yetu ilikuwa chini kwenye tambarare, kuelekea Kahe, ambako familia za mlimani zilikuwa na mashamba ya mahindi na maharage. Mwaka huo wataalamu wa udongo walituletea makopo. Kila mwanafunzi afunge lake kwenye kigingi shambani kwao, kila Ijumaa apime vumbi lililoingizwa na upepo, aandike kwenye daftari. Mwalimu alisema sisi ndio macho ya wataalamu. Kichwa kikanivimba.

Aibu ni kwamba kopo langu liliambulia kijiko kimoja. Lilikuwa nyuma ya masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga tunapanda mipakani na makaburini. Wenzangu wakaniita Bwana Sifuri. Nikaamua kung'oa machache, upepo upate mlango.

Bibi alinikuta sale la nne likiwa mkononi.

"Wewe mtoto! Hayo aliyapanda babu yako kuzuia kisulisuli. Vile visulisuli ni wafu wasio na kwao. Ukiwafungulia, wataondoka na shamba."

"Bibi, ni upepo tu. Mwalimu kasema."

"Mwalimu wako analima wapi? Yarudishe!"

Nikasema ndiyo, Bibi. Alipopanda kurudi nyumbani kwetu Mwika, mlimani, nikayatupa korongoni.

Alhamisi alishuka kupalilia. Maharage yalikuwa yametoa majani mawili mawili, na ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka. Mchana, nimetoka shule niko naye shambani, nikakiona kisulisuli: chekundu, kirefu kuliko kanisa, kikija kando ya masale kama kipofu anayepapasa ukuta. Kikafika kwenye pengo langu. Kikasimama. Kikaingia.

Bibi akatoweka ndani yake.

"Bibi! Bibi!"

Nilikumbatia kigingi nikisali Baba Yetu huku nikiruka mistari.

Vumbi lilipotua, alikuwa amekaa chini, kitenge kichwani, nyusi nyekundu, mzima. Maharage yalikuwa mizizi juu. Na kopo, limejaa hadi mdomoni. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Bibi, limejaa!"

Akaja, akachovya kidole. "Mjukuu wangu, hili ni shamba langu."

Nikachuma jani la sale, nikalipiga fundo, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu, anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Alilipokea.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Maharage, sijui."

Hayakunisamehe. Mwaka ule tulikula ugali kwa mchicha hadi nikauota.

Ijumaa mwalimu aliinua kopo langu, darasa likapiga makofi. Daftari lilikuwa na sehemu ya maelezo. Niliiacha tupu.

Kama walikuwa wafu au upepo, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba mlango niliufungua mimi. Bibi alikuwa amelipima shamba lile maisha yake yote, bila kopo. Ikiwa wataalamu wale bado wanalo daftari, naomba wanijazie ile sehemu: masale manne, yaling'olewa na mpimaji.