Bomba la Watu Kumi na Wanane

Guleid Bare alisoma mpaka alipojua kuzidisha, akaona yametosha. Yaliyobaki alifundishwa na visima vya Wajir, ambako kina hakipimwi kwa futi: kisima ni cha watu watatu, au wanne, waliosimama mmoja juu ya mwenzake wakipokezana ndoo. Ndiyo maana mwaka wa 1966, akiwa fundi wa maji Garissa, alipoulizwa ni nguvu kiasi gani itasukuma bomba lipite chini ya barabara, alijibu, "Nipe watu nihesabu."

Injinia aliyeletwa kutoka Nairobi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kuichimba barabara yenyewe kulikatazwa. Vita vya serikali na waasi vilikuwa katika mwaka wa tatu, na kwa dereva wa jeshi udongo uliofukuliwa ulikuwa na maana moja tu: bomu limetegwa. Lakini ng'ambo ya barabara, ndani ya seng'enge, serikali ilikuwa imekusanya watu mia nne bila tone la maji. Wanawake walishuka mtoni Tana, kafyu ikiwafuata visiginoni. Naimo, dada yake Guleid, alichelewa siku moja akarudi na debe lenye tundu la risasi. Kwa rehema ya Mungu, alikuwa amelitua kutoka mgongoni apumzike.

"Abowe," alimwambia kaka yake, "tundu la pili halitakuwa la debe."

Basi Guleid akazika kipande cha bomba cha futi tano katika udongo uleule, kina kilekile, akakifunga kamba. Akachagua wanaume, kila mmoja awezaye kuzuia nusu gunia la sukari, kilo arobaini na tano, likining'inia. Kipande kilitoka kwa watu kumi na wanane. Barabara ilikuwa futi arobaini. Zidisha mara nane, unapata kama tani sita na nusu. Jeki ilikuwa ya tani kumi.

"Si imekwisha hiyo?" Injinia akasema.

"Bado."

Akakizika tena, akakiacha kilale. Asubuhi wale kumi na wanane walivuta mpaka mishipa ikachora ramani shingoni; kipande kimetulia kama bwana harusi. Kilitoka kwa watu thelathini na mmoja. Mara nane: tani kumi na moja.

"Bomba likilala humo, jeki yako haitaliamsha. Lazima lipite siku moja, kabla ya kafyu."

"Mzee, bomba halilali."

"Wewe hujawahi kung'oa kigingi cha hema."

Guleid na vijana wake walianza kafyu ilipofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi, jeki ikiwa shimoni kando ya barabara. Futi moja kila robo saa. Saa nane mchana zimebaki futi nane, na koplo mmoja wa jeshi akachungulia shimoni.

"Tokeni wote! Msafara unapita!"

Vijana wakatoka mbio. Guleid hakusogea.

"Warya, husikii? Nitakupiga risasi!"

"Sawa, koplo. Lakini baada ya futi nane."

Koplo alimtazama, akaruka shimoni kumlinda asitege kitu, bunduki magotini. Malori yakanguruma juu yao, mchanga ukawamwagikia vichwani. Guleid alizungusha mpini wa jeki kidogo, akapumua, akazungusha tena, ilimradi bomba lisipate usingizi. Nusu saa. Saa nzima. Mkono ukaanza kugoma, naye akaukemea kama punda mkaidi.

Koplo akasonya. Akaegemeza bunduki ukutani.

"Sogea huko. Hii kitu inazungushwa upande gani?"

Msafara ulipokwisha, zilibaki futi sita. Vijana wakarudi kwa aibu, wakasukuma bila kuambiwa. Saa kumi na moja u nusu, sauti ya Naimo ikapasuka ng'ambo ya seng'enge: "Abowe! Limechomoza! Walahi limechomoza!"

Siku tatu baadaye bomba lilipofunguliwa, Naimo alikuwa wa kwanza kukinga, na debe lake lilelile. Likamvujia mgongo mzima.

"Ziba hilo tundu, maji yanamwagika!" wenzake wakapiga kelele.

"Acha yamwagike," akasema, akageuka kwenda kujaza tena.